Gari Jipya na Magauni Ishirini

Kila alasiri, akishatoka shule na kunawa, Kalamu alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele ambako mama yake alishonea nguo. Kazi yake ilikuwa ndogo lakini ya kila siku: kuandika oda katika daftari kubwa la jalada jeusi. Mama yake alikuwa fundi hodari, mtu wa kukutazama mara moja ukipita barabarani akajua kiuno chako, ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku ameparura mchanga. Basi yeye alitaja na binti akaandika: mteja, vipimo, rangi, siku ya kuchukua, kilicholipwa na kilichobaki. Herufi za msichana huyo wa miaka kumi na miwili zilikuwa za duara, na mistari yake imenyooka kama imepigiwa rula, na ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kalamu.

Walikuwa watu watano nyumbani. Baba alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Mama yake Baba, ambaye watoto walimwita Bibi, aliumwa magoti na alipaswa kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Gari lao la zamani lilikuwa dogo na la chini, na mlango wake mmoja wa nyuma ulifungwa kwa waya. Kumwingiza Bibi ndani ilikuwa shughuli ya ukoo mzima: Baba alivuta, Mama alisukuma, na Bonge, mdogo wake Kalamu wa miaka sita, alihesabu moja, mbili, tatu. Bibi alikuwa akisema kwamba hata makabati hupakiwa kwa heshima zaidi. Wote walicheka, na Baba akacheka pia, lakini Kalamu alimwona akiangalia chini kila alipozunguka kwenda kwenye usukani. Huyo aliyesukumwa kama kabati alikuwa mama yake mzazi.

Kisha dada yake Mama akafanyiwa upasuaji, na Mama akasafiri kwenda kumuuguza kwa majuma mawili. Jumamosi ya kwanza, wakitoka kliniki, Baba alisimamisha gari mbele ya yadi ya magari iliyofunguliwa karibuni. Juu ya ukuta palikuwa na bango refu: gari jipya la familia, malipo madogo ya kianzio, riba asilimia mbili tu kwa mwaka.

Lile gari lilikuwa la viti saba, rangi ya fedha, refu na pana, lenye paa la kufunguka, na ndani lilinuka upya. Muuzaji, kijana wa koti la kubana ambaye tabasamu lake halikujua kupumzika, alibonyeza kitufe na kidato cha kupandia kikajitokeza chini ya mlango. Bibi aliweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akaketi. Hakuna aliyevuta wala kusukuma. Alikaa humo robo saa nzima akikataa kushuka, mikono juu ya mapaja kama mtu aliyekaa kupigwa picha. Baba alimtazama, na Kalamu alijua wakati huohuo kwamba gari limeshanunuliwa, zilibaki karatasi tu.

Karatasi ndizo zilizokuwa na shida. Muuzaji alieleza kwamba riba ile ndogo ni kwa familia ambazo mapato yao ya mwezi yanafika mara tatu ya rejesho la kila mwezi. Wasiofikia kiwango hicho nao hukopeshwa, ila kwa riba ya juu mara tano. Mshahara wa Baba peke yake haukufika. Ukiongeza kazi ya Mama ulikaribia, lakini miezi ile oda zilikuwa chache. Na ofa ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi, zikiwa zimebaki siku tisa tu.

Jumatatu alasiri Baba alirudi mapema kazini. Alimkuta Kalamu kwenye chumba cha cherehani akifanya hesabu za shule, akavuta kiti cha Mama, akaketi. Alipekua lile daftari jeusi mbele nyuma, kisha akamwambia aandike oda moja. Magauni ishirini ya kwaya, kitambaa cha zambarau, kumi ya saizi ya kati na kumi ya saizi kubwa. Nusu imelipwa, siku ya kuchukua ni mwisho wa mwezi ujao.

Kalamu aliuliza kwaya gani.

"Andika kwaya tu," alisema Baba. "Ni karatasi, mwanangu. Hatumwibii mtu, maana marejesho nitalipa mimi mwenyewe. Mkopo ukipita tunauchana huo ukurasa, na Mama hana haja ya kusumbuliwa na jambo hili. Ni letu mimi na wewe."

Kalamu alijua si sawa. Lakini asubuhi ileile alikuwa amewasimulia wenzake darasani kuhusu gari lenye paa la kufunguka, na watatu kati yao walikuwa wamemwomba nafasi ya kukaa dirishani. Akaandika. Tena, ili oda ionekane ya kweli, aliongeza jambo ambalo hakuambiwa: kola nyeupe, ya duara. Baba alisoma, akampapasa kichwani, akasema hakuna ofisa duniani atakayetilia shaka mwandiko kama ule. Na Kalamu, aibu iliyoje kukumbuka baadaye, alifurahi kusifiwa.

Mkopo ulipita. Ofisa mikopo wa yadi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitoa nakala ya kurasa za daftari na kuagiza lenyewe litunzwe, kwani huenda wakatuma mtu kulikagua. Kwa hiyo ukurasa haukuchanwa. Gari la zamani lilichukuliwa kuwa sehemu ya kianzio, na akiba ya Baba ikajazia. Mama alikubali kwa simu gari linunuliwe, akidhani hesabu ni zile alizozijua.

Aliporudi alikuta gari la fedha uani na Bonge amekaa kwenye kiti cha saba, akikataa kula chakula mahali pengine. Siku hiyo ilikuwa ya furaha kweli. Majirani walikuja, wakagonga matairi kwa vidole vya miguu kama wanavyofanya watu wasiojua magari, wakapongeza. Bibi alimwonyesha kila mmoja kile kidato.

Kesho yake jioni, wakiwa mezani, Mama alikuja na daftari mkononi. Uso wake ulikuwa umechangamka. Alisema ameiona oda ya kwaya, kazi nzuri kuliko zote za mwaka huo, na akashangaa kwa nini hakuambiwa. Ni nani aliyeileta? Na hiyo nusu iliyolipwa iko wapi?

Kijiko cha Baba kilisimama njiani. Kalamu alimtazama, akingoja aseme. Na kweli Baba akasema, lakini si lile Kalamu alilolitarajia. Alisema fedha ile aliiongeza kwenye kianzio cha gari, na kwamba alitaka kumwambia akirudi.

Mama hakupenda fedha ya mteja iliwe kabla kitambaa hakijanunuliwa. Lakini alisema yaliyopita basi, sasa deni ni la kushona, na akamgeukia binti yake kumuuliza huyo mteja alikuwaje.

"Ni mwanamke mrefu," alisema Kalamu. Alisikia sauti yake ikitoka mbali. "Anavaa miwani. Anaongea polepole."

Bibi alisema huyo lazima ni mtu wa heshima zake. Chakula kikaendelea.

Mama alinunua jora zima la zambarau kwa fedha alizokuwa akizitunza kwa ajili ya kununua mota ya cherehani. Kuanzia siku hiyo Kalamu alipotoka shule alikuta chumba kimejaa zambarau: mikono mezani, migongo kitini, mapande sakafuni. Mama alikata, akaunga, akapiga pasi, miguu ikimvimba kwa kukanyaga pedali. Juma la pili alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani akitaka sare thelathini kwa haraka. Mama alimweleza kwa masikitiko kwamba ana kazi ya mtu aliyekwisha kulipa nusu, amsubiri kidogo. Mwalimu mkuu hakuweza kusubiri, akaenda kwa fundi mwingine. Kalamu alikuwa kwenye kona akikunja mabaki ya vitambaa. Aliyakunja, akayakunjua, akayakunja tena.

Siku hiyo alimfuata Baba uani, akamkuta anaosha gari, akamwomba amwambie Mama. Baba alisugua kioo kilichokuwa safi tayari. Alisema atamwambia, ila si leo, amalize kwanza juma hili, kwani ukaguzi wa yadi ungeweza kuja wakati wowote. Juma likaisha. Rejesho la kwanza likakatwa kwenye mshahara, na gari lenyewe lilikunywa mafuta kama lina kiu ya mwaka mzima. Nyama ilipungua mezani, ada ya Bonge ikachelewa. Baba aliyezoea kuimba kwa pua akinyoa ndevu sasa alinyoa kimya. Kalamu naye alianza kuamka na maumivu ya tumbo. Mama alimpeleka kwa daktari, na daktari hakuona kitu. Shuleni wenzake walipomuuliza watapanda lini, aliwajibu kwa ukali mpaka wakaacha kuuliza.

Siku ya kuchukua nguo, Mama alitundika magauni yote ishirini kwenye kamba, yamepigwa pasi, kola nyeupe zikiwa zimejipanga. Alivaa vizuri, akakaa kungoja. Hakuja mtu. Hakuja kesho wala keshokutwa. Mama hakukasirika, alipata wasiwasi. Alisema mtu aliyelipa nusu haachi nguo zake bure, labda ameugua, labda amepotelewa na namba ya simu ya fundi. Yeye hawezi kukaa na mali ya watu ndani. Jumamosi alimwomba Baba awapeleke wakamtafute. Kalamu aende pia, kwa sababu ndiye pekee aliyemwona.

Walitoka watatu. Mama alikaa mbele na gauni moja juu ya mapaja yake, limekunjwa ndani ya karatasi. Baba aliendesha bila kugeuza shingo. Kwenye ukumbi wa kwanza walikuwepo waimbaji wakifanya mazoezi, na Mama aliteremka, akaingia, akawaonyesha gauni. Kupitia dirisha la gari Kalamu aliwaona watu wakitikisa vichwa. Kwenye ukumbi wa pili mlinzi alimsikiliza kwa adabu, akamwelekeza kwingine. Mama alirudi garini akiwa anatokwa jasho, akamshukuru mumewe kwa kumvumilia, akasema sasa wajaribu chuo cha ualimu kule juu, huenda huko kuna kwaya.

Baba aliwasha gari. Njia ya chuoni ilikuwa na kona nyingi. Kila walipompita mwanamke mrefu, Mama aligeuka na kumuuliza Kalamu kama ndiye. Si yeye. Na yule? Si yeye pia. Walipofika langoni, Mama alifungua mlango ili ateremke kwa mara ya tatu, na Kalamu akaona kisigino cha mama yake kilichovimba kikitafuta kidato.

"Mama, usishuke," alisema. "Hayupo. Hayuko popote. Niliandika mimi."

Mama alibaki vilevile, mkono kwenye kitasa. Baba alizima gari.

Kalamu alisema yote, bila mpangilio, machozi na maneno yakigombania njia: ofa, mapato, daftari, kola ya duara ambayo hakuambiwa na mtu. Alipofika kwenye jina la Baba alisita, na Baba akaendeleza habari hapohapo. Alisema mtoto aliandika, lakini aliyetaja ni yeye, na wala hapakuwa na nusu yoyote iliyolipwa.

"Nimeuliza watu wote wale," alisema Mama taratibu. "Na wewe ukiwa hapa umekaa."

"Ndiyo," alisema Baba.

Mama alilirudisha gauni kwenye karatasi yake, akafunga mlango, akasema warudi nyumbani.

Siku ile na iliyofuata Mama hakuzungumza na Baba isipokuwa mambo ya lazima. Kwa Kalamu alisema jambo moja tu, akimsuka nywele: kwamba amemuumiza, na kwamba ameshukuru kuambiwa, na yote mawili ni kweli. Jumapili jioni alitoka chumbani na kumwambia Baba, mbele ya Bibi, kwamba jina lililoandikwa juu ya jalada la daftari lile ni lake. Wateja wake wanamwamini kwa jina hilo. Hatakaa akingoja mkaguzi aje kumwona mwongo kwenye chumba chake mwenyewe. Bibi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaelewa, alisema yeye alitaka kufika kliniki tu, hakuomba afikishwe kwa uongo. Baba aliinamisha kichwa. Alisema kesho ataomba ruhusa kazini.

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, na Kalamu aliomba mwenyewe kwenda nao. Yule muuzaji aliwapokea kwa tabasamu, akidhani wameleta mteja mpya, na aliposikia shida yao tabasamu likachukua likizo. Waliingizwa kwa ofisa mikopo. Baba alieleza akiwa amesimama. Hakulaumu bango wala tarehe ya mwisho wa mwezi.

Ofisa aliwatazama mmoja mmoja, kisha akalivuta faili lao. Aliwaambia bila kupamba kwamba kughushi mapato kwenye ombi la mkopo ni kosa la jinai, na kama wangegundua wao wenyewe, faili lile lingekwenda kwa mwanasheria. Kalamu aliona mama yake amefumba macho. Ofisa akaenda kushauriana na mkubwa wake, akakaa huko muda ambao kwa Kalamu ulikuwa kama mtihani wa siku nzima. Aliporudi alisema kwa kuwa wamekuja wenyewe, yadi itachukua gari lake na kuvunja mkataba. Lakini kianzio chao hakitarudi, wala gari lao la zamani, wala rejesho walilokwisha kulipa.

Baba alitia saini. Aliweka funguo mezani, na walirudi nyumbani kwa miguu.

Miezi mitano iliyofuata haikuwa rahisi. Bibi alikwenda kliniki kwa teksi mara moja kwa juma badala ya mbili, na siku nyingine Kalamu alimsaidia kufanya mazoezi nyumbani. Baba alichukua zamu za Jumamosi ghalani. Mama alikwenda kwa yule mwalimu mkuu, akamweleza ukweli wote bila kuficha, na mwalimu mkuu akaahidi kumpa sare za mwaka ujao. Kuhusu magauni, Kalamu na mama yake walizunguka nayo kwa majuma. Hoteli moja ilinunua kumi na moja kwa ajili ya wahudumu wake, kwa sharti kola ziondolewe. Kalamu alizifumua zote kumi na moja kwa wembe, uzi baada ya uzi, na vidole vilimuuma. Yaliyobaki yaliuzwa moja moja kwa bei ya hasara, na mawili hayakupata mtu.

Mwezi wa sita tangu warudishe gari, walipata gari la mkono wa pili, la mlango wa kuteleza. Safari hii Mama na Baba walikaa pamoja na hesabu zao za kweli. Riba ilikuwa ya kawaida, si ya bango, lakini mkopo wenyewe ulikuwa mdogo na rejesho halikugusa ada wala chakula. Mkataba waliuleta nyumbani wakausoma siku mbili kabla ya kutia saini.

Jioni moja baada ya hapo, Kalamu alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma akisoma, na Baba akaja kukaa naye.

"Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia hili," alianza. "Mimi ndiye niliyekosea, na wewe nilikuvuta. Niliona aibu ya gari bovu nikafikiri hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Riba ilikuwa ndogo kweli, hawakutudanganya. Ila mkopo ambao huwezi kuupata mpaka useme uongo, huo si wako, hata ungekuwa hauna riba kabisa. Na jambo lingine, mwanangu. Mtu mzima akikuagiza kufanya kitu ambacho mama yako hatakiwi kujua, usikifanye. Hata akiwa ni mimi. Mwambie hapana, halafu nenda kamwambie mama yako. Hutakuwa umekosa adabu."

Kalamu alifunga kitabu. Alisema na yeye alikosea, kwa sababu alijua na akaandika, na alitaka wenzake waone gari. Baba alikubali kwamba hiyo nayo ni kweli, na kwamba ndiyo maana anazungumza naye kama mtu mwenye akili zake.

Kisha Kalamu akamuuliza kama maneno hayo ameshamwambia Mama.

Baba alifikiri. Alisema alimwomba msamaha, ndiyo, lakini kwa haraka, siku ile ya yadi. Haya ya aibu hakuwahi kumweleza.

"Basi yuko ndani, Baba," alisema Kalamu. "Hajalala."

Baba alicheka kidogo, akajikung'uta suruali, akainuka. Mlangoni alivua viatu, akaingia kwa mkewe, na Kalamu akabaki kwenye ngazi akiwasikia wakizungumza.